Ufunguo ni Amana: Mlango wa Kielektroniki katika Biashara ya Familia

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Safu hii imekwisha kusema mengi juu ya daftari, na leo tunauendea jirani yake, yaani mlango. Daftari huandika kilichoingia na kilichotoka. Mlango ndio uliomwona aliyeingia na aliyetoka, lakini kwa karne nyingi umekuwa shahidi bubu. Ufunguo wa chuma haubaki na kumbukumbu ya mkono ulioushika, wala kufuli haiwezi kueleza ilifunguliwa usiku wa manane au alfajiri.

Siku hizi mlango umepewa ulimi. Ipo mifumo ya kielektroniki inayofungua kwa kadi, kwa namba ya siri, kwa alama ya kidole au kwa sura, na kila ufunguzi huandikwa pamoja na tarehe na saa yake. Mifumo hii ilianzia kwenye mabenki na migodi mikubwa. Sasa bei yake imeshuka kiasi cha kufikiwa na sonara wa Kahama, mnunuzi wa dhahabu wa Geita, mwenye duka la dawa Shinyanga mjini na mwenye ghala la vipuri vya makarasha pale Katoro. Kwa kuwa wengi wa hawa huendesha biashara za kifamilia, ambamo baba, mke, watoto, mashemeji na vijana wa kuajiriwa hukutana katika chumba kimoja chenye mali, tumeona ni vema tulitazame jambo hili kwa utulivu kabla fundi hajaitwa.

Ukanda wetu haukuanza jana kufikiri juu ya ulinzi. Tangu John Williamson alipoanzisha mgodi wa almasi wa Mwadui mwaka 1940, wenyeji wa Shinyanga wameishi jirani na uzio na malango ya ukaguzi. Ni katika mgodi huo ambapo mwaka 1947 lilipatikana jiwe la waridi la karati 54.5, likatolewa zawadi ya harusi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Jiwe kama hilo huingia katika kiganja cha mtoto, na hiyo ndiyo shida ya mali ya ukanda huu, kwamba thamani kubwa hukaa katika kitu kidogo. Ng'ombe akiibwa huacha nyayo, na ndiyo maana sungusungu wa Kahama na jirani zake, mwanzoni mwa miaka ya 1980, waliweza kuitana kwa filimbi na kumfuata mwizi porini. Gramu 20 za dhahabu haziachi unyayo. Hutoka mfukoni mwa mtu anayesalimia kwa tabasamu.

Ndipo tunapoikumbuka methali nyingine, kikulacho ki nguoni mwako. Mwenye duka hujenga ukuta, huweka nondo na humwajiri mlinzi wa usiku, yote hayo dhidi ya mgeni. Lakini hasara inayovunja nyumba mara nyingi ni ile ndogondogo ya kila siku, isiyovunja dirisha wala kumwamsha mlinzi. Hasara hiyo ina mwenzake aliye mbaya zaidi, nayo ni tuhuma. Mali ikipungua na asijulikane aliyeichukua, wote walioshika ufunguo huwa washukiwa. Kijana asiye na hatia hufukuzwa kazi, ndugu hununiana, na mke wa mtoto mkubwa huacha kusalimiana na mke wa mtoto mdogo. Wizi wa siku moja hugeuka uhasama wa miaka.

Kwa hiyo tunapouliza kama mlango wa kielektroniki unafaa, tuulize mambo matatu kwa pamoja: je, unalinda mali? Je, unalinda heshima ya anayefanya kazi humo? Na je, unalinda uhai wake? Mlango unaotimiza la kwanza na kuyaacha mawili mengine, sisi hatuuiti ulinzi.

Tuanze na mali, na kwanza tujue kifaa chenyewe. Mfumo wa kawaida una viungo vitano. Kuna kisomaji, kilichopo nje ya mlango, kinachosoma kadi au kidole. Kuna kidhibiti, ambacho ni ubongo wa mfumo, kinachoamua huyu aingie au asiingie. Kuna kufuli ya umeme. Kuna kitufe cha kutokea kilichopo ndani. Na kuna betri ya akiba, kwa ajili ya saa ambazo umeme haupo.

Kosa la kwanza tunaloliona sokoni ni kununua kifaa cha bei nafuu ambacho kisomaji na kidhibiti vimo ndani ya kasha moja, kisha kasha hilo likafungwa nje ya mlango. Hapo ubongo umewekwa barabarani. Mwenye bisibisi na dakika chache hulifungua kasha, hugusanisha nyaya mbili, na mlango humfungukia bila kadi. Mwenye chumba cha dhahabu na amwambie fundi wake neno hili bila kusita: kidhibiti kikae ndani, nje pabaki kisomaji peke yake.

Kosa la pili ni kuamini kila kadi. Kadi za kizazi cha zamani, zinazotumia masafa ya kilohezi 125, hazina siri yoyote ndani yake. Hutamka namba yake kwa kila anayeiuliza, na kifaa kidogo kinachouzwa hadharani huweza kuinakili katika muda wa kupeana mkono. Kwa mlango wa ofisi ya kawaida huenda zikatosha, lakini kwa mlango wa stoo ya mali zinafaa kadi zenye usimbaji wa siri, au kadi pamoja na namba. Na kosa la tatu ni dogo lakini limewaponza wengi: namba kuu ya kiwandani, ile inayokuja imeandikwa katika kitabu cha maelekezo, isipobadilishwa siku ya kwanza, basi kila aliyewahi kusoma kitabu hicho ana ufunguo wa duka lako.

Baada ya hapo mfumo huweza kazi ambazo ufunguo wa chuma hauziwezi. Kijana akiacha kazi, kadi yake hufutwa siku hiyo hiyo, wala hakuna haja ya kubadilisha kitasa. Msafishaji huweza kuruhusiwa kuanzia saa 1 hadi saa 2 asubuhi tu, na nje ya hapo mlango haumjui. Kwa chumba chenye mali nzito, mfumo huweza kudai watu wawili, kila mmoja na kadi yake, ndipo ufunguke. Kanuni hii ya watu wawili ni ya kale. Vyumba vya dhahabu vya migodi mikubwa na hazina za mabenki huifuata, wala haitokani na dhana kwamba watu wote ni wezi. Inatokana na kujua kwamba mtu aliye peke yake na mali ya watu yumo katika mtihani, na anayempenda hamwachi peke yake ndani yake.

Tangu soko la kwanza la madini nchini lilipofunguliwa mjini Geita tarehe 17 Machi 2019, na mengine yakafuata, biashara ya dhahabu imeletwa chini ya paa moja, mbele ya mizani na maofisa wa serikali. Ni nafuu kubwa kwa mchimbaji mdogo, ambaye zamani aliuzia gizani. Lakini soko hufungwa jioni, na baadhi ya shughuli hubaki nje yake: mwaloni, kwenye karasha, katika mtambo wa kuchenjua, katika ghala la kemikali. Huko ndiko swali la nani aliingia saa ngapi linapokuwa na uzito, na huko ndiko mlango wenye kumbukumbu unapoweza kusaidia.

Tuje kwenye heshima ya mfanyakazi. Wengi huuchukulia mfumo huu kuwa jicho la tajiri juu ya maskini. Sisi tunaona una uso wa pili. Kumbukumbu ya mlango humshuhudia pia asiye na hatia. Ikiwa mali imepotea Jumamosi usiku, na orodha inaonesha kwamba kijana fulani alitoka saa 11 jioni na hakurudi, orodha hiyo imemwokoa na kituo cha polisi. Kwa hiyo haki ni kwamba orodha isiwe siri ya mwenye mali peke yake. Mfanyakazi aambiwe tangu siku ya kuajiriwa kwamba mlango unaandika, aelezwe unaandika nini, na apewe haki ya kuiona orodha pindi anapotuhumiwa.

Lakini ushahidi wa mlango una mipaka, na dhulma huanza pale mipaka hiyo inaposahauliwa. Orodha haisemi kwamba Juma aliingia. Inasema kwamba kadi ya Juma iliingia. Kadi iliyoazimwa, iliyoibwa au iliyoachwa juu ya meza humshuhudia mtu uongo. Vilevile mlango ukifunguliwa kwa kadi moja wakaingia watatu, orodha humwandika mmoja tu.

Kisha ipo saa. Kifaa hiki huandika kwa saa za kimataifa, na sisi husema kwa saa za Kiswahili. Mzee akikuta imeandikwa 08:10 huweza kusoma saa 8 na dakika 10 mchana, akamkasirikia kijana kwa kuchelewa, kumbe ni saa 2 na dakika 10 asubuhi. Mbaya zaidi, betri ndogo ya saa ikifa, baadhi ya vifaa hurudi kwenye tarehe ya kiwandani na kuanza kuandika siku ambazo hazikuwapo. Kabla ya kumtuhumu mtu kwa karatasi iliyotoka mlangoni, ikaguliwe kwanza saa ya mlango. Na hata hapo, iwe dalili ya kuulizia, isiwe hukumu.

Suala la vidole linahitaji neno la pekee katika ukanda huu. Wafanyabiashara wengi hupenda alama za vidole kwa hoja kwamba kidole hakiazimwi. Ni kweli. Lakini tukumbuke usajili wa laini za simu kwa alama za vidole uliofikia kilele mwishoni mwa mwaka 2019 na Januari 2020. Tuliwaona wazee, wakulima na mafundi ujenzi ambao vidole vyao vilikataa kusomeka, wakarudia mara tano, mara sita, mbele ya foleni inayoguna. Mtu anayeshinda akibeba mawe ya dhahabu, akishika saruji au akifua katika maji ya kemikali, mistari ya vidole vyake hufifia. Mlango unaomkataa mtu huyu kila asubuhi mbele ya wenzake unamvunjia heshima kwa sababu ya kazi ileile anayokufanyia. Mpe kadi.

Ndivyo ilivyo pia kwa vifaa vinavyosoma sura. Dada mwenye nikabu hana sababu ya kuifunua mbele ya kifaa cha ukutani mara nne kwa siku, hali kadi ipo na ni rahisi zaidi. Mfumo mzuri huruhusu njia zaidi ya moja, na mwajiri mwema huuliza kabla ya kununua.

Aidha, alama ya kidole si kitu cha kuchezea. Namba ya siri ikivuja hubadilishwa, lakini kidole hakibadilishwi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za kibaiometriki miongoni mwa taarifa nyeti, na inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu wajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mwenye duka anayekusanya vidole vya watu wanane huenda asijione kuwa mkusanyaji wa taarifa, lakini ndivyo alivyo. Na aulize: vidole hivi vinahifadhiwa wapi? Fundi akija kutengeneza kifaa, huondoka navyo? Mfanyakazi akiacha kazi, hufutwa? Asiyekuwa na majibu basi atumie kadi, atakuwa amejipunguzia mzigo wa dunia na wa akhera.

Sasa tufike kwenye uhai, ambao uko juu ya mali yote. Mlango wowote unaozuia watu kuingia unaweza pia kuwazuia kutoka. Mwezi Machi mwaka 2001, katika Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos nchini Kenya, wanafunzi 67 waliteketea bwenini. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yalikuwa na nondo. Mwezi Septemba mwaka 2012, katika kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises mjini Karachi, Pakistan, walikufa watu zaidi ya 250, na milango ya kutokea ilikuwa imefungwa. Kote kuwili, milango iliyotarajiwa kulinda ndiyo iliyowazuia watu kujiokoa.

Kufuli za umeme ziko za aina mbili kwa tabia. Ipo inayofunguka umeme ukikatika, na ipo inayobaki imefungwa. Kufuli ya sumaku ni ya aina ya kwanza. Ile ya kawaida hushikilia kwa nguvu ya kama kilo 270, lakini nguvu hiyo yote ni ya umeme, na umeme ukitoweka mlango huachia. Ni salama kwa uhai, ila ni dhaifu kwa mali usiku wa kukatika umeme. Kufuli ya aina ya pili ni kinyume chake.

Wengi hubaki wakichagua kati ya mali na uhai, na kumbe si lazima. Kwa chumba cha thamani, itumike kufuli inayobaki imefungwa kwa upande wa nje, yenye kitasa cha kawaida kwa upande wa ndani, kinachofungua kwa mkono mtupu, bila kadi, bila namba, bila umeme. Aliye nje hawezi kuingia, na aliye ndani hutoka kwa kushika kitasa tu. Na pale penye kufuli ya sumaku, pawepo kitufe cha dharura kinachokata umeme wa kufuli moja kwa moja. Kabla ya kumlipa fundi, jifungieni ndani, zimeni umeme wote, ng'oeni na waya wa betri, kisha mtoke. Mkishindwa kutoka, fundi hajamaliza kazi. Na namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji iandikwe karibu na mlango, palipo na mwanga.

Juu ya betri, tufanye hesabu badala ya kubahatisha. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7, ikiilisha kufuli inayokula nusu ampea, kwa hesabu ya karatasi hudumu saa 14. Lakini kidhibiti na kisomaji navyo vinakula, na betri huchakaa kwa joto letu la Usukumani. Asiyezoea kupima betri yake na ahesabu chini ya hapo sana, na aibadilishe kabla haijamwaibisha. Aliye na duka ambako umeme hukatika kutwa nzima na aongeze betri au paneli ya jua, au abaki na kufuli nzuri ya chuma. Hakuna fedheha katika kufuli ya chuma.

Limebaki jambo ambalo wauzaji wa vifaa hivi hawalitaji, nalo ni mauti. Katika familia nyingi namba kuu ya mfumo imo kichwani mwa mtu mmoja, naye ni baba. Siku anapofariki, warithi husimama mbele ya mlango usiomjua yeyote kati yao. Ama huvunjwa, ama mmoja anayejua namba huingia peke yake kabla ya wengine. Katika yote mawili mirathi imeanza kwa shaka. Tunanasihi namba kuu iandikwe, itiwe katika bahasha iliyofungwa, na iwekwe kwa watu wawili waaminifu, mmoja wao asiwe mrithi. Pia iandikwe katika wasia kwamba tangu siku ya msiba kadi zote za stoo zisimamishwe, na mlango ufunguliwe mara ya kwanza mbele ya mashahidi, kwa ajili ya kuhesabu. Mjane na mayatima ndio wa kwanza kunufaika na utaratibu huo, maana wao ndio wasio na mbio za kuwahi mlangoni.

Tunahitimisha kwa kukumbusha kwamba swali la nani ashike ufunguo halikuanza na umeme. Katika mwaka wa 8 wa Hijra, Makka ilipofunguliwa, ufunguo wa Al-Kaaba ulikuwa mikononi mwa Uthman bin Talha. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliurejesha kwake, na ukoo wake wa Banu Shayba umeendelea kuushika hadi leo. Wafasiri wengi wanaihusisha na tukio hilo aya ya 58 ya Surat An-Nisaa, inayozungumzia kurejesha amana kwa wenyewe. Ufunguo ule ungeweza kuchukuliwa kwa nguvu na hakuna ambaye angezuia. Ukarudishwa, kwa sababu amana haitegemei uimara wa mlango.

Basi na tuifunge mifumo hii kwa anayeihitaji na kuimudu, tukijua kazi yake. Itatusaidia kuzuia kishawishi, kuokoa asiye na hatia na kutunza kumbukumbu. Haitatupa kijana mwaminifu iwapo tunamlipa mshahara usiomtosha wala kumfikia kwa wakati, wala haitaponya ndugu wasiohesabu pamoja. Hayo bado ni kazi yetu.

Juma lijalo, tukijaaliwa uhai, tutazungumzia kuhesabu mali ya stoo kwa pamoja, nani ahesabu, nani aandike, na nani atie sahihi.